Chake Chake: Mji wa Juu ya Mlima Unaongoja Maji



Mhariri wa jarida hili aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, alinipa ruhusa ya kuchagua mada niitakayo. Nilifikiri kuandika juu ya walimu wetu, lakini wapo wenzangu wanaowakumbuka vizuri zaidi kuliko mimi. Nilifikiri kuandika juu ya dakhalia na maharage yake, lakini katika hayo kila mmoja wetu ana yake ya kusema na hakuna atakayemwachia mwenziwe. Mwisho nimeamua kulijibu suali moja nililoshindwa kulijibu nilipokuwa Kidato cha Pili, ambalo lilinitia aibu mbele ya darasa zima.

Mwalimu wetu wa Jiografia siku hiyo alikuwa akitusomesha juu ya miji ya Ulaya. Kitabu kilikuwa na picha ya mji mdogo wa Italia uitwao Orvieto, uliojengwa juu ya jabali lililosimama wima kutoka bondeni, nyumba zimebanana juu yake kama kuku waliokimbia mafuriko. Tukaandika sababu za watu kujenga mlimani, tukazikariri. Halafu mwalimu akafunga kitabu akatuuliza: Je, Chake Chake iko juu au iko chini? Tukajibu kwa pamoja kwamba iko juu. Akauliza kwa nini, akanielekezea kidole mimi. Mimi niliyekuwa nikikaa kwa shangazi yangu Chake, nikiupanda mlima ule kila siku ya Mungu na vitabu mkononi, nilisimama nikasema, "Kwa ajili ya upepo, mwalimu." Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia.

Miaka zaidi ya ishirini na tano imepita. Nimesoma chuo kikuu, nimeajiriwa serikalini, nimepita mezani na ramani nyingi za kisiwa chetu, na sasa nadhani ninaweza kujibu vizuri zaidi kidogo. Mwalimu akiwa atausoma ukurasa huu, naomba anisahihishie upya.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi kutoka kaskazini mpaka kusini, na upana wake hauzidi kilomita 22 au 23. Mkondo wa bahari unaotutenga na Tanga si kama ule wa Unguja na bara, ambao haufiki hata mita 100 kwa kina. Wa kwetu unapita mita 500 kwa wepesi. Ndiyo maana wataalamu wanasema Pemba ilijitenga na bara zamani mno kuliko Unguja. Waarabu wa kale waliiita Jazirat al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, na mtu akikaribia kutoka baharini upande wa magharibi wakati wa masika hahitaji kuelezwa kwa nini.

Upande wa mashariki nchi ni tambarare, mawe ya matumbawe yako karibu na udongo, na bahari kuu inapiga moja kwa moja. Upande wa magharibi ni vilima juu ya vilima. Hapana mlima mrefu hata mmoja, kwani kilima kirefu kabisa hakifiki mita 100, lakini mabonde ni mengi na miteremko ni mikali, na anayesafiri kwa baiskeli anajua kwamba mita hizo 100 zinatosha. Juu ya vilima kuna mikarafuu, bondeni kuna mpunga. Kati ya vilima hivyo bahari imeingia nchi kavu kwa mikono mirefu iliyojaa mikoko, ambayo sisi tunaiita mahori. Miji yetu mitatu mikubwa, Wete, Chake Chake na Mkoani, yote iko upande huo wa magharibi, na yote imekaa juu ikitazama maji yaliyo chini.

Lakini Chake ina jambo lake peke yake. Wete na Mkoani zinaiona bahari karibu. Chake iko mwisho kabisa wa hori, pale ambapo maji ya chumvi yanakata tamaa na kurudi. Mji umekaa juu ya mgongo wa kilima, nyembamba, barabara moja katikati na nyumba na maduka huku na huku, na nyuma ya nyumba ardhi inaporomoka kwenda bondeni. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa pwani yetu hufikia karibu mita 4. Yakijaa, mashua hufika chini ya mji. Yakipwa, hapana bahari. Pana tope, mizizi ya mikoko na kaa. Basi mtu wa kawaida lazima ajiulize: mwenye akili gani alijenga mji mkuu wa kisiwa mahali ambapo chombo kinafika mara mbili kwa siku tu, tena kwa kubahatisha siku za maji mafu?

Waliotangulia hawakufanya hivyo. Ukiteremka na hori mpaka nje utakuta rasi ndefu upande wa kaskazini, na kwenye ncha yake, mbele ya kijiji cha Ndagoni, yapo magofu ya Ras Mkumbuu. Hapo pana msikiti mkubwa wa mawe na makaburi ya nguzo. James Kirkman, aliyechimbua Gedi huko Kenya, alichimba hapo pia katika miaka ya 1950. Katika mwaka 916 msafiri wa Baghdad, al-Mas'udi, alipita pwani hizi, akaandika juu ya kisiwa cha Qanbalu chenye Waislamu waliosema lugha ya watu wa nchi. Wanazuoni wengi wanaiweka Qanbalu hapa Pemba. Miaka 300 baadaye Yaqut aliandika kwamba Kisiwa cha Kijani kina miji miwili, kila mmoja na sultani wake, na majina aliyoyataja yanasomeka kama Mtambwe na Mkumbuu. Tazameni mahali walipojenga: Mkumbuu kwenye ncha ya rasi, na Mtambwe Mkuu kwenye kisiwa kidogo mbele ya Wete ambacho maji yakipwa unakiendea kwa miguu. Wote walijenga mlangoni mwa bahari. Biashara yao ilikuwa ya vyombo vya mbali, na mwenye duka huweka duka njiani.

Hapa sina budi kukiri kosa. Tulikwenda Ras Mkumbuu skuli nzima, au niseme nusu ya skuli, kwa mashua mbili, tulipokuwa Kidato cha Tatu. Wenzangu wa mwaka ule hawajasahau, kwa sababu tulichelewa kuondoka, maji yakatupwea katikati ya hori, tukashuka na kutembea katika tope la mikoko mpaka magotini, wengine wakapoteza viatu na mmoja (hatajwi, sasa ni mtu mzito) alilia. Lakini jambo ambalo wenzangu hawalijui ni kwamba mimi nilirudi na kitu mfukoni. Nilikiokota magofuni kipande cha bakuli, kipana kama vidole vitatu, kina rangi ya kijani ya kung'ara kama jani lililolowa. Nilikitia kwenye sanduku langu la dakhalia. Nilikuwa nakitoa usiku nikikitazama kwa tochi. Siku tulipohamishwa bweni sanduku liligeuzwa, na kipande sikukiona tena.

Nilipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilijigamba kwa mhadhiri mmoja wa mambo ya kale kwamba nilipata kumiliki kigae cha zamani kutoka Mkumbuu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: kilikuwa ndani ya msikiti au nje? Juu ya ardhi au kilichimbuliwa na maji ya mvua? Karibu na kaburi gani? Kilikuwa peke yake au pamoja na vyengine? Sikuwa na jibu hata moja. Akaniambia basi hata kama ningekuwa nacho mkononi mwangu wakati ule, kisingekuwa na la kusema, kwa vile kigae kinatoa ushahidi pale kilipolala tu. Ukishakiondoa umekifunga mdomo.

Maneno hayo niliyafahamu vizuri niliposoma habari za Mtambwe Mkuu. Mwaka 1984 wachimbuzi walikuta huko sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, zenye majina ya watawala wa hapa hapa. Zile za fedha hazina tarehe. Lakini pamoja nazo zilikutwa dinari chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali, na hizo zina tarehe, na kwa sababu zote zilikuwa zimelala pahala pamoja, dhahabu ya wageni ikatoa umri wa fedha ya wenyeji: karne ya 11. Yaani miaka 900 na zaidi iliyopita watawala wa visiwa hivi walikuwa wakipiga sarafu yao wenyewe. Lau kama watoto wa skuli wangalizigundua mwanzo, na kila mmoja akatia moja mfukoni kama nilivyofanya mimi, leo tungekuwa na vitu vizuri vya kuchezea na tusingejua lolote.

Tuendelee. Baada ya miji hiyo ya mlangoni ikaja Pujini, ambayo ni kinyume chake. Iko upande wa mashariki, kilomita 10 hivi kutoka Chake, na inakisiwa ni ya karne ya 15. Hapo ndipo alipokaa Mkama Ndume, na kila mtoto wa Pemba amesimuliwa ukali wake: kwamba aliwafanya watu wabebe mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio. Adria LaViolette na wenzake walichimba Pujini katika miaka ya 1990, wakakuta boma kubwa la udongo na kuta za mawe, jambo ambalo si la kawaida katika miji ya pwani yetu ya wakati huo. Sina haja ya kuhakikisha kama mawe yalibebwa kwa makalio. Ninachokiona ni mtu aliyejifungia. Miji ya mlangoni haikuwa na boma la namna ile, na mwenye kujenga boma namna ile ana watu anaowaogopa, wa nje au wa ndani.

Pujini pana kisima, na hapa nitarudi kidogo Italia. Wazee wanasimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana, basi kisima akakigawa kwa ukuta, mke mmoja anateremka kwa ngazi upande wake, wa pili anateka kwa kamba na ndoo upande wake, na hawakutani. Sasa mji ule wa Orvieto wa kwenye kitabu chetu ulikuwa na shida ya maji, kama mji wowote wa juu ya jabali. Mwaka 1527 Roma iliposhambuliwa na kuporwa, Papa Clement wa 7 alikimbilia huko, akaamrisha kichimbwe kisima asije akazingirwa akafa kwa kiu. Kilikamilika mwaka 1537. Kina ngazi mbili za kuzunguka, moja ndani ya nyengine, kila moja ina vidato 248, ili nyumbu wanaoteremka na mapipa matupu wasikutane na wanaopanda na mapipa yaliyojaa. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu maktaba. Wao waliwatenganisha nyumbu, sisi tuliwatenganisha wake wenza, na pande zote mbili ni mwenye mji aliyejificha juu ya kisima chake.

Maji ni shida ya Chake pia, na waliokaa pale wanajua. Mji uko juu, chemchemi ziko bondeni. Mifereji ilipokauka kwa shangazi yangu, ambayo haikuwa mara moja wala mbili, mimi na binamu zangu tuliteremka na ndoo na kupanda nazo, na kupanda na ndoo mgongo ule wa udongo baada ya mvua ni mtihani mkubwa kuliko wa taifa. Chake haikukaa juu ya jabali kama Orvieto. Ni udongo, na masika kila mwaka inajaribu kuuteremsha baharini. Kwa hiyo sababu ya mji kuwa juu haiwezi kuwa ni maji. Na upepo, ingawa upo, nao nimeshauachia darasa langu walioucheka.

Sababu ya kwanza ninaiona katika ngome. Wareno walipokuwa Mombasa walikula mpunga na ng'ombe wa Pemba. Pemba ilikuwa ghala yao. Walipopoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698, Pemba ikaingia mikononi mwa Waarabu wa Omani, na kwa muda mrefu wa karne ya 18 iliangaliwa na Wamazrui wa Mombasa, ambao nao waliitaka kwa sababu ile ile ya chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Seyyid Said aliwanyang'anya. Ngome ya Chake Chake inahesabiwa kuwa ya karne hiyo ya 18, na wapo wanaosema imekaa juu ya msingi wa Wareno. Wanaosema hivyo wanatoa hoja ya minara yake ya zamani: miwili ilikuwa ya duara, kama desturi ya Waarabu na Waswahili, na miwili ilikuwa ya pembe nne, ambayo si desturi yao.

Simama pale kwenye ngome uangalie mtazamo wake. Huoni bahari kuu. Unaona hori, unaona mabonde, na nyuma yako njia zinazokuja kutoka kusini, kaskazini na mashariki ya kisiwa zote zinakutana. Mtu aliyejenga hapa hakutaka kuwaona wageni wanaotoka Bara Hindi. Alitaka kuyaona magunia yanayotoka shamba. Chombo kiingie ndani ya nchi kadiri kinavyoweza, mpaka mwisho wa maji, halafu mzigo wa nusu nzima ya kisiwa ukusanyike juu yake, mahali pakavu pasipofikwa na tope, na mwenye bunduki akae juu ya mzigo. Mkumbuu ilitazama bahari, Pujini ilijitazama yenyewe, na Chake iliitazama Pemba. Hilo ndilo jibu langu, mwalimu.

Karafuu zikaja zikalithibitisha. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo karafuu za Zanzibar zimekuwa ni za Pemba. Kila aliyekuwa na uwezo alikuja kufyeka na kupanda. Tusifiche kwamba waliofyeka na kupanda hasa walikuwa watumwa. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku mwaka 1873, lakini pupa ya karafuu iliendelea kuwaleta kwa siri, na mahori haya yenye mikoko yaliwafaa sana wenye majahazi. Mwaka 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na pwani ya Pemba alipokuwa akikamata jahazi la watumwa.

Aprili 1897 Seyyid Hamoud alitia saini amri ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba. Wengi wetu tulifundishwa tarehe hiyo tu, tukaona kwamba siku ya pili yake kila mtu alikuwa huru. Sivyo. Mtumwa aliyetaka uhuru alilazimika kwenda mwenyewe kuudai mahakamani, na mwenye mtumwa akalipwa fidia. Masuria hawakuingizwa mpaka mwaka 1909. Kwa watu wa sehemu za katikati ya Pemba, kwenda mahakamani maana yake ilikuwa kupanda mlima wa Chake. Mimi nimekaa ofisini miaka mingi nikiwaona wananchi wanavyokuja na karatasi zao zilizokunjwa, wakingoja nje kwenye benchi, wakiogopa kuingia. Basi najaribu kumfikiria mtu aliyetoka shamba alfajiri, akapita bonde la mpunga, akapanda mgongo ule, akasimama mbele ya wakubwa kusema kwamba yeye si mali ya mtu. Katika mambo yote yaliyopata kutokea juu ya mlima ule, naona hili ndilo kubwa, wala hakuna jiwe lililowekwa kuonesha. Mwaka huo huo wa 1897 wamisionari wa Kikweka kutoka Uingereza walianzisha shamba la Banani kwenye hori hilo hilo la Chake, nia yao ikiwa kuonesha kwamba karafuu zinaweza kuchumwa kwa ujira.

Mzee mmoja, jirani wa shangazi, alipata kuwa hamali bandarini ujanani mwake. Jioni akikaa barazani nikimpelekea kahawa alikuwa akinieleza utaratibu wa kazi. Magunia yalikuja kwa gari za ng'ombe na punda, karafuu zimeshaanikwa kwenye majamvi mpaka zikawa nyekundu za kahawia na kukatika kwa kishindo kidogo ukizikunja. Zilipimwa juu, mjini. Halafu kila mtu alikuwa anangoja. Matajiri walingoja, makarani walingoja, mahamali walilala juu ya magunia. Maji yakianza kuingia mikokoni, mtu wa chini anapiga kelele, na hapo ni mbio, kwa sababu mashua isiyojaa kabla ya maji kugeuka italala tope mpaka usiku, na meli iliyotia nanga nje haimngojei mtu. Alinionesha begani alama ya gunia. Mimi wakati ule nilikuwa natazama zaidi kikombe, nikimaliza niende kucheza mpira.

Utaratibu huo ndio ulioinyanyua Chake na ndio ulioishusha. Meli zilipokuwa kubwa, mji wa mwisho wa hori haukuweza tena. Mkoani ina maji ya kina karibu na nchi, na bandari kuu ya kisiwa ikahamia huko. Wesha, nje kidogo ya Chake, ikachukua sehemu ya kazi. Barabara ya lami ikafanya gunia liende Mkoani kwa gari kwa muda mdogo kuliko lililotumia kungojea maji. Chini ya mji pakabaki ngalawa, wavuvi na mikoko. Juu pakabaki serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Chake imeendelea kuwa mji wa serikali, uwanja wa ndege uko jirani, kiwanda cha makonyo kiko Wawi, na mji umeteremka mgongo wake na kutambaa mpaka Machomane na Gombani. Kwa sensa ya mwaka 2022 Pemba ina watu 543,441, na siku ya soko utadhani wote wako kwenye barabara ile moja ya katikati.

Ama ngome yenyewe, sehemu kubwa ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 ili ipatikane nafasi ya hospitali. Kilichobaki kimetengenezwa na sasa ni makumbusho ya Pemba. Sitamlaumu aliyebomoa, kwani hospitali inaponya watu na ukuta hauponyi, na mimi niliyepoteza kigae cha Mkumbuu si wa kumhukumu mtu. Lakini minara ya pembe nne ilikuwa shahidi wa swali la Wareno, na shahidi hayupo.

Mwaka jana nilikwenda makumbusho hayo siku ya kazi, asubuhi. Nilikuwa peke yangu na mtunzaji wake. Nilimuuliza kama watoto wa skuli wanakuja. Akasema wanakuja wakiletwa. Kwenye kabati la kioo palikuwa na vigae kadhaa, na baina yao kimoja cha kijani. Nilikitazama muda mrefu. Haikuwa changu, bila ya shaka. Kilikuwa na kijikaratasi.

Vijana mliopo skuli hivi sasa, bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Siku hizo kwetu maji hujaa alasiri, baina ya saa kumi na saa kumi na moja. Mkimaliza masomo teremkeni mpaka bandari ya zamani mkae juu ya ukingo. Mtaona kwanza kaa wanakimbia, halafu tope linabadilika rangi, halafu bila ya kishindo chochote maji yako miguuni mwenu. Kisha geukeni mtazame juu. Viatu viacheni nyumbani.